Kofi la Saba

Ifahamike tangu mwanzo kwamba Tusekile Mwaisumo hakuwa msichana mbaya. Mbaya ni yule anayefanya ubaya kwa kujificha. Tuse alifanya wa kwake mbele ya darasa zima, kwa utaratibu, akiwa amechomekea shati, na mara nyingi baada ya sala.

Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa umeshuka shuleni Ilembilo mpaka kwenye vioo vya madirisha. Wasichana thelathini na wanane wa Kidato cha Tatu B walikaa wima kama mishumaa ya altareni, wakimngoja Mwalimu Salvina Msigwa. Kwenye ratiba alikuwa mwalimu wa Kemia na wa nidhamu. Mabwenini alikuwa Madamu Nukta, kwa sababu kila hukumu aliifunga kwa neno hilo. "Utafagia korido wiki mbili, nukta." Ukishasikia nukta, hata wazazi wako wakija na mbuzi haibadiliki.

"Mnakumbuka?" Tuse alinong'ona, amegeuka nusu kwenye dawati. "Tatu, tatu, halafu mikono inabaki hewani. Atakayepiga la saba nitampaka upupu kwenye taulo."

"Ukinipaka upupu nakumwagia siafu kitandani," alijibu Enelesi, binti mpana wa dawati la nyuma ambaye sauti yake haikujua kunong'ona. "Ila nimekuelewa."

Wengine walikandamiza vicheko kwenye mikono ya sweta. Bupe peke yake hakucheka. Alikaa karibu na Tuse, kama walivyokaa tangu Kidato cha Kwanza, na kidole chake cha shahada kiligonga ukingo wa dawati: mara tatu, mara tatu, kisha kikaning'inia. Mara tatu, mara tatu, kikaning'inia. Ilikuwa siku ya tisa.

Hapa inabidi kueleza, kwa wale waliosoma zamani na kupigwa fimbo.

Siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, baada ya kupimwa urefu na kukaguliwa godoro, kila mwanafunzi alipandikizwa punje nyuma ya sikio la kulia. Haikuwa kubwa kuliko ulezi. Mafundi walioibuni walikuwa wamegundua jambo ambalo bibi zetu walilijua walipotubembeleza tulale: ubongo hausikilizi, unabashiri. Ukiupa sauti tatu, na tatu tena, unakuwa umekwisha kutandika mkeka kuipokea ile ya mwisho. Ya mwisho ikija, ubongo unashusha pumzi. Kile kipumzi ndicho punje ilichokikamata na kukikuza, na lolote ulilokuwa unasoma wakati huo lilizama kichwani kama msumari kwenye mgomba.

Ulihitajika mpigo mmoja wa kufundishia, ambao kila mtoto wa nchi hii anaujua bila kufundishwa. Mafundi hawakuhangaika. Tangu chekechea, mtoto akijibu vizuri, mwalimu husema, "Mpigieni kilo!" na darasa hupiga pa-pa-pa, pa-pa-pa, PA! Basi spika iliyotundikwa juu ya kila ubao ikawa inapiga kilo taratibu kutwa nzima, chini ya sauti ya mwalimu, na wasichana wa Ilembilo wakawa wanafaulu mpaka inatia aibu.

Viboko vilifutwa. Fimbo ya mwisho iliwekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, wageni wakapiga nayo picha. Mahali pake mwalimu wa nidhamu alipewa rimoti yenye ukubwa wa kiberiti. Alikuelekezea, akabonyeza, na punje yako ikaliziba kofi la saba. Wenzako walilisikia. Wewe ulipata sita, kisha shimo. Huko ndiko kukatiwa. Kuchelewa paredi, dakika tano. Kuongea kilugha, kumi. Dakika tano ni chache mpaka zikupate: ni kama chafya inayopanda, ikafika puani, ikavua viatu na kukaa. Wageni wa Kidato cha Kwanza walipiga magoti wakiomba kiboko.

Bupe Kasyupa alikuwa amekatiwa siku tisa. Mtu alitia pilipili kichaa kwenye birika la uji wa walimu, mfuko mtupu ukaokotwa chini ya kitanda cha Bupe. Madamu Nukta alisema Bupe ataendelea kukatiwa mpaka amtaje mwenye pilipili, au mwenye pilipili ajitaje mwenyewe, nukta. Bupe hakutaja.

Kwenye kitanda cha juu ya kile cha Bupe alilala Tuse.

Si kwamba Tuse hakufikiria kujitaja. Alifikiria kila siku, na kila siku akakuta ni kazi ya kesho. Badala yake alibuni mpango mkubwa zaidi, kwa kuwa kukiri ni heshima lakini kulipiza ni raha, na yeye alikuwa na miaka kumi na sita.

Mlango ukafunguliwa. Wote wakasimama.

"Shikamoo Madamu!"

"Marahaba. Kaeni."

Hawakukaa. Mwalimu Msigwa alikuwa mwembamba, mrefu, kiatu chake kimeng'arishwa, na kwapani alibeba cheti kilichotiwa fremu. Ijumaa alikuwa amepewa tuzo ya mwalimu bora wa nidhamu wa kanda nzima. Alikuwa akikipeleka ofisini, na njia ya ofisini, kwa bahati iliyopangwa vizuri, ilipita katika kila darasa.

"Madamu," alisema Tuse, uso wake umekunjuka kwa unyenyekevu, "darasa linaomba ruhusa ya kukupongeza. Kwa mikono yetu wenyewe, si kwa spika."

Uso wa Mwalimu Msigwa ulilainika. Hilo ndilo jambo ambalo Tuse hakulitarajia, na kwa muda mfupi sana lilimuudhi.

"Haya," alisema mwalimu, na kuizima spika. "Kwa haraka."

"Mpigieni kilo!"

Mikono ya wasichana thelathini na saba, wote ila Bupe, ikapiga. Pa-pa-pa. Pa-pa-pa. Kisha ikabaki hewani, viganja vikitazamana kama watu waliogombana.

Mwalimu Msigwa alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa kulipokea la saba. Kichwa kilibaki kimeinama. Nyuma ya sikio lake, punje ya walimu, maana nao walipandikizwa, ile kubwa ya toleo la zamani, ilikuwa imefungua mlango kumpokea mgeni aliyesikika akibisha hodi, na mgeni hakuingia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo.

"Endeleeni," alisema.

"Tumemaliza, Madamu," alijibu Tuse.

*

Kufikia Jumanne Mwalimu Msigwa alikuwa ameangusha chaki mara tano, na kila ilipoanguka aliisikiliza ikivunjika kana kwamba inamwambia kitu.

Aliujaribu mkono wake mwenyewe. Anjelina wa Tatu A alimchungulia kupitia dirisha la maabara, akapeleka taarifa bwenini: Madamu amejifungia, anajipigia kofi moja moja. Haikumsaidia, kwa sababu hakuna ajitekenyaye akacheka. Ubongo unajua mkono wako utafanya nini kabla haujafanya, na zawadi unayojifungia mwenyewe haikushangazi. Ndiyo maana pia wapigaji hawakudhurika. Mikono yao iliyosimama ilijua itasimama. Si kichwa kinachomkinga mtu, ni mikono.

Aliijaribu spika. Ilipiga saba zake mfululizo, wala mlango haukufunga. Akaenda Tatu A, akawaamuru wampigie kilo, wakampigia mpaka viganja vikawa vyekundu. Wapi! Mtoto anayelilia ziwa la mama yake hanyamazishwi na la jirani. Ubongo wake ulikuwa umeahidiwa kofi la mikono ile thelathini na saba, na ulilitaka hilohilo.

Tatu B walipogundua hayo, furaha yao haikuwa na mipaka, wala haya. Wakaanza kumpigia sita kila mahali. Akipita bombani, ndoo zinapigwa tatu, tatu, kimya. Akiingia bwalo, vijiko kwenye sahani za makande, tatu, tatu, kimya. Mlango wa nyumba yake uligongwa sita mchana kweupe, na alipoufungua hapakuwa na mtu, ila mstari wa sweta za kijani ukitembea kwa adabu kuelekea maktaba. Walifanya hivyo hata asipokuwepo, wakifua, wakisuka, wakisubiri zamu ya choo. Enelesi aliweka hesabu kwa mkaa nyuma ya mlango wa bafu. Jumatano asubuhi alitangaza wamefika mia mbili na kumi.

"Ameacha kusema nukta," Enelesi alisema, anafuta machozi ya kicheko. "Mmesikia? Jana kamwambia Anjelina, 'Utamwagilia bustani wiki nzima,' kisha akabaki mdomo wazi kama samaki. Nukta haitoki!"

Tuse alicheka mpaka akashika ukuta. Bupe alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso umetulia, kidole kinagonga goti.

"Bado kidogo tu," Tuse alimwambia, akichuchumaa mbele yake. "Atakuja mwenyewe kuomba. Na akija namwambia, mfungulie Bupe kwanza. Umesikia, ndugu yangu? Nakutoa."

Bupe alimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kijiji kingine.

"Ungeweza kusema tu," alisema.

Tuse alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

*

Aliitwa Jumatano baada ya uji wa saa nne. Ofisi ya nidhamu ilinuka dawa ya sakafu. Cheti kilikuwa bado hakijatundikwa, kimeegemezwa ukutani, uso umegeuziwa ndani.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Funga mlango."

Tuse aliufunga. Alikuwa ameandaa hotuba yenye masharti matatu, lakini alipomwona kwa karibu akasahau la pili. Mwalimu Msigwa hakuwa amelala. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, kola ya gauni imefungwa kifungo kisicho chake. Muda wote kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa kulia.

"Mnataka nini?" aliuliza.

"Bupe, Madamu. Umfungulie. Ukimfungulia, tunakupigia la saba, na yaishe."

"Hayo tu?"

"Na spika za bwenini zipunguzwe sauti."

Mwalimu Msigwa alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. "Mwite."

Bupe aliingia, akaamkia, akasimama alipoambiwa asimame. Mwalimu aliifungua spika ndogo ya ofisini, kilo ikaanza kupiga taratibu. Akachukua rimoti mezani, akamwelekezea.

"Bupe Kasyupa, adhabu yako imekwisha," alisema, akabonyeza.

Pa-pa-pa. Pa-pa-pa.

PA.

Tuse alikuwa ametabasamu tayari. Alikuwa hata amenyoosha mikono kumkumbatia. Bupe alipiga ukelele kama mtu aliyemwagiwa maji yanayochemka. Akaanguka chini, akajikunja chini ya meza, kucha zikitafuta nyuma ya sikio. Spika haikujali, ikaendelea. Tatu, tatu. Lilipokuja la saba tena alijigonga kichwa kwenye mguu wa meza, na lililofuata akajigonga tena, damu ikatoka.

"Zima!" Tuse alipiga kelele. "Madamu, zima hiyo!"

Mwalimu aliizima spika. Haikutosha. Ng'ambo ya ukuta spika ya Tatu A ilisikika, na ya Nne C, na ya korido. Shule nzima ilikuwa inapiga saba.

"Mkatie!" Tuse alikuwa ameshika mkono wa mwalimu, kosa ambalo zamani lingekuwa siku mbili za kukatiwa. "Mkatie tena! Bonyeza, Madamu, nakuomba, bonyeza!"

Mwalimu alibonyeza. Bupe akatulia palepale. Akajipangusa damu kwa mkono wa sweta, akaketi, na kidole chake kikaanza kugonga sakafu, tatu, tatu, kikaning'inia. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa blanketi.

"Siku tatu," alisema Mwalimu Msigwa. Alifungua droo na kutoa kijitabu, akakisukuma mezani bila kukifungua. "Ukurasa wa kumi na moja. Ubongo ukikatiwa siku tatu unachoka kungoja, unaandika upya. Kimya kinakuwa ndicho la saba. Ukimletea sauti baada ya hapo, umemvamia nyumbani kwake. Na haurudi. Wamejaribu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwacha siku kumi na moja?"

"Siku ya pili nilisema, kesho mwenye pilipili atajitaja. Siku ya tatu asubuhi nilisimama paredi, nikawatazama wote mmoja mmoja. Mnakumbuka? Nilisema, msichana gani anaweza kukaa kitako akamwangalia mwenzake." Kichwa kimeinama, alisikiliza. "Baada ya hapo ikawa haina tofauti. Nikaacha ili adhabu isionekane imeshindwa."

Kidole cha Bupe kiligonga.

"Alikuwa nani, Tusekile?"

Tuse alijua kwamba sasa ndiyo nafasi. Neno lilipanda mpaka kooni, likafika, likakaa.

"Sijui, Madamu."

"Sawa." Mwalimu aligeuka dirishani. "Mimi siku yangu ya tatu inaisha kesho saa mbili na robo. Sina la kuwapa. Nilichokuwa nacho umekiona kilivyo. Nawaomba tu." Na sauti yake ilipofika hapo ikatafuta neno la kufungia, ikalikosa.

*

Kikao kilifanyika alasiri nyuma ya bwalo, pale zinapoanikwa sweta. Wote thelathini na wanane walikuwepo, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata kwa ajili ya Somo la Biblia.

Tuse aliwaeleza yote ya ofisini, ila swali la mwisho na jibu lake.

"Kwa hiyo alijua," alisema Enelesi. Safari hii hakuwa anacheka. "Alijua, akaiozesha akili ya mwenzetu kama kiazi. Na sisi tumhurumie? Aonje. Kesho saa mbili na robo mimi nitakuwa nimekaa, nimefunga mikono, nahesabu dakika."

"Aonje!" wakaitikia wengi. Mtu mmoja akapiga sita kwenye beseni kwa msisitizo. Wengine wakaitikia sita, sweta zikitikisika kambani.

"Ni mwalimu jamani," alisema Anitha, binti wa mchungaji. "Ana watoto."

"Bupe ana mama."

"Na wewe Tuse, unasemaje? Shughuli ni yako."

Tuse alitazama viganja vyake. Alikuwa ameingojea siku hiyo, ya darasa zima kumgeukia kama jemadari, na sasa ilipofika aliiona ni sawa na kugeukiwa na mbwa thelathini na saba ambao wewe mwenyewe umewafundisha kung'ata.

Aliyejibu alikuwa Bupe. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bandeji kwenye paji, na kwa kuwa alikuwa haongei sana wote walinyamaza.

"Mpigieni," alisema.

"Baada ya aliyokufanyia?"

"Mimi ndiye ninayejua huko kukoje." Kidole kiligonga, kikaning'inia. "Jana niliimba ule wimbo wa mama wa kulalia. Niliufikisha mwisho, halafu mwisho wake ukanichoma. Siwezi kumaliza kitu. Nikila, tonge la mwisho naliacha. Nikisali, amina siisemi." Aliwatazama mmoja mmoja bila chuki, na hilo lilikuwa baya kuliko chuki. "Msimpeleke mtu huko. Hata yeye."

Enelesi alipenga kamasi kwa sauti kubwa. "Haya," alisema. "Nitapiga. Ila sitapiga kwa moyo."

"Piga kwa viganja tu," alisema Tuse. "Inatosha."

*

Alhamisi saa mbili na dakika kumi ukungu ulikuwa umerudi. Spika zote za jengo zilizimwa kwa amri ya Mwalimu Msigwa, aliyepelekewa jibu la kikao jana yake, na kimya kilikuwa kikubwa mpaka mtu angeweza kuwasikia nyuki wa mzinga wa Kilimo.

Aliingia, akafunga mlango, akasimama mahali palepale aliposimama Jumatatu. Kwapani alikuwa na kile cheti, kwa sababu kile kijitabu kilisema kila kitu kiwe kama kilivyokuwa.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba," alisema. "Asanteni, wanangu."

Hakuwahi kuwaita wanangu.

Tuse alisimama mbele. Dakika tatu zilikuwa zimebaki. Moyoni alijisikia mwepesi, karibu mtakatifu. Alikuwa amepanga kwamba baada ya la saba, wakati wote wanashusha pumzi, hapohapo atasema la pilipili, na litapita katikati ya furaha bila kuonekana sana.

"Mpigieni kilo," alisema. "Mpaka mwisho."

Pa-pa-pa.

Pa-pa-pa.

Mikono ikasimama.

Tuse aliwatazama kwa hasira, akitafuta nani amewasaliti. Kila uso ulikuwa unamtafuta mwenziwe kwa macho yaleyale. Enelesi alikuwa ameinua viganja vyake vinene, vimeachana upana wa sahani, jasho linamtoka. Ndipo Tuse alipoona yake. Ilikuwa hewani kama ya wengine. Alikuwa ameiambia ipige, nayo ilikuwa imemaliza.

"Tena!" alisema. "Mara hii la saba. Tatu, tatu, na moja. Tena!"

Pa-pa-pa. Pa-pa-pa. Kimya safi, kimoja, kilichonyooka. Kwa siku tatu walikuwa wamekifanyia mazoezi, kwenye ndoo, kwenye sahani, kwenye milango, bafuni, usingizini, na kilikuwa kimeiva. Hapakuwa na kwaya Ilembilo iliyowahi kunyamaza kwa pamoja vizuri namna ile.

"Tena! Anitha, wewe mtoto wa mchungaji, piga!"

Anitha alilia, akapiga sita.

Mara ya nne Tuse alipiga kelele "Saba!" kwa mdomo, na baadhi ya mikono ikajilazimisha: kofi moja hapa, mawili pale, kumi yakachelewa, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Hilo halikuwa kofi. Mwalimu Msigwa alikuwa akitikisa kichwa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. "Pamoja," alikuwa anasema, "pamoja, wanangu, pamoja." Cheti kikamponyoka, kioo kikapasuka.

Saa ya ukutani ikapita saa mbili na robo.

Haikutokea kelele yoyote. Kichwa cha Mwalimu Msigwa, kilichokuwa kimeinama siku tatu, kikanyooka polepole. Machozi yakakauka kwenye njia zake. Alikitazama kioo kilichovunjika, kisha akawatazama wao, na uso wake ulikuwa uleule wa Bupe.

"Vizuri," alisema kwa upole. "Kaeni."

Wakakaa. Tuse hakukaa. Alikuwa peke yake mbele ya darasa, na lile neno lililokaa kooni siku kumi na mbili likatoka lenyewe, bila kupangwa.

"Pilipili niliweka mimi."

Mwalimu Msigwa alisinyaa kana kwamba mtu amefungua mlango wa tanuru. Bupe aliziba masikio yote mawili. Ilikuwa sauti tu iliyofika mahali pa kimya.

"Acha kelele, Tusekile," alisema mwalimu. "Tunasoma."

Akaokota chaki, akaanza kuandika ubaoni jina la mada, akaliacha bila herufi ya mwisho.

Nyuma ya darasa Enelesi alimtazama Tuse kwa muda mrefu. Haikujulikana alifikiri nini. Pengine alifikiri kwamba mtu aliyekiri anastahili kupongezwa, maana ndivyo walivyofundishwa tangu chekechea. Pengine hakufikiri. Aliinua mikono, na wote wakainua ya kwao, isipokuwa Bupe na Tuse mwenyewe, kwa kuwa hakuna anayejipigia kilo.

Pa-pa-pa.

Tuse alijua. Kichwa chake kilijua kabisa. Mikono yake ilikuwa imelegea ubavuni, haijui chochote.

Pa-pa-pa.

Nje kengele ya uji ikagonga mapema, kwa kosa la mpishi, na wasichana wakatoka wakigombania vikombe. Tuse alibaki amesimama mbele ya madawati matupu, kichwa kimeinama upande wa kulia.